Pua ya Gari la Mkurugenzi wa Vibao

Nchi hii ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeshauriwa nianze hivyo na watu wanaonitakia maisha marefu, na mimi ni mtu wa kusikia ushauri. Haimo kwenye ramani, haina balozi, na wewe unayesoma hujawahi kukanyaga huko wala huna shemeji anayefanya kazi serikalini kule. Ukijikuta unacheka, cheka zako, lakini usije ukaniuliza nilikuwa nataka kusema nini. Mimi nasimulia habari za gari tu.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo alikuwepo Mtukufu Kiongozi, na asubuhi moja Mtukufu aliamka shingo imemkaza. Alikuwa amelalia mto mbaya, hakuna zaidi, hata mpishi wake alilijua hilo. Lakini siku ile alikuwa na hotuba. Mtu mmoja akamwita kutoka nyuma ya jukwaa, Mtukufu akashindwa kugeuka, ikabidi aseme kitu. Akasema, "Mimi sitazami nyuma." Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Jioni redio ikalitangaza neno hilo kuwa msimamo wa taifa, na shingo ilipokuja kupona taifa lilikuwa limeshakwenda mbali mno, halirudishiki.

Mambo yakapangwa upya. Wachezaji wa mpira walihamishiwa namba zao kifuani. Maduka yenye mlango wa uani yaliamriwa kuuziba. Askari walifundishwa kumtambua mhalifu kwa uso tu, na wezi, ambao si wajinga, wakagundua kwamba ukishageuka tayari umekuwa raia mwema. Mtu akiagana na Mtukufu hampi kisogo, anarudi kinyumenyume mpaka atoke machoni pake, na kwa kweli sisi, nataka kusema wao, walilizoea jambo hilo hadi wakawa mabingwa. Magari nayo yalivuliwa vibao vya namba vya nyuma, kikabaki kimoja tu, cha mbele.

Mwenye dhamana ya kibao hicho alikuwa Bwana Shekue Mndolwa, Mkurugenzi wa Vibao, mtu nadhifu mwenye kitambi cha wastani, aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba nchi ingesambaratika siku skrubu moja ikilegea. Usimcheke mapema. Alikuwa na sababu.

Kila mwaka, katika Siku ya Mbele, magari ya viongozi husogea jukwaani moja moja. Mtukufu huisoma kwa sauti namba iliyo kwenye kibao, watu hupiga makofi, na gari hurudi kinyumenyume likatoweka. Inasemekana huko ndiko kusoma kwake kote kwa mwaka, na husoma vizuri. Sasa mwaka mmoja kibao cha Waziri wa Kilimo, kilichokuwa kimebandikwa kwa gundi, kilidondoka palepale mbele ya jukwaa. Mtukufu akakosa cha kusoma. Katika kutafutatafuta, macho yake yakamwangukia waziri mwenyewe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, na hakumpenda. Waziri yule sasa anafuga bata.

Ndipo Shekue akaandika Kanuni. Kibao kikae mbele ya gari, katikati kabisa, na kifungwe kwa skrubu zilizopenya kwenye mwili wa gari lenyewe. Kisibandikwe, kisifungwe kamba, kisikae upande, kwa maana kibao kinachoegemea upande kina mawazo yake. Na kwa kuwa alipenda mambo yaeleweke, akaeleza hata mbele ni wapi: mbele ya gari ni upande wenye injini. Kila asubuhi watumishi wa idara walijipanga uani wakaikariri Kanuni kwa sauti kabla ya kunywa chai. Tena aliagiza kwamba afisa wa kizuizini asimsikilize mtu yeyote aliyemo ndani ya gari, hata akidai kuwa yeye ndiye Mkurugenzi, kwa sababu wakati ule nusu ya madereva wa nchi nzima walikuwa wanajidai wapwa zake.

Kanuni haikumbagua mtu. Mkewe, Bi Riziki, alikuwa mkunga kwenye kliniki ya kina mama, na alikuwa na kigari chake kidogo kikuukuu. Asubuhi moja alisimamishwa kizuizini, kibao chake kikaonekana kimefungwa kwa waya. Afisa Mtoboaji Mkuu, Bwana Mgaza, jitu la miraba minne lenye sauti laini, akashika drili yake na kutoboa. Ncha ya drili ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika. Ikapita bampa, ikaingia kwenye rejeta, maji yakamwagika barabarani, na kigari hakijatembea tena hadi leo. Kimekaa uani, kuku wanatagia chini yake.

Usiku ule wakati wa chakula Bi Riziki alianza kusimulia yaliyompata. Shekue akaweka kijiko chini, akasema, "Sheria ni sheria, Mama Mwamvua." Mwamvua ndiye binti yao, ameolewa mbali. Bi Riziki akaiacha habari yake hapo, akakusanya sahani. Kesho yake akanunua viatu vya raba, akawa anavibeba kwenye mkoba kila aendako, maana kazini sasa alikuwa anakwenda kwa miguu.

*

Huyo ndiye Shekue wa kazini. Shekue mwingine alikuwa amebandika picha ndani ya mlango wa kabati lake la nguo, tangu ujana, picha ya gari la spoti. Alipokuwa Mkurugenzi akaliagiza. Alilinunua kwa njia ambazo wakurugenzi wa nchi ile hununulia vitu, na mimi sikuuliza.

Lilipofika kutoka bandarini lilikuja likivutwa, kwa kuwa halikuwa na mafuta. Lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, chini chini, limelala barabarani utadhani linanusa kitu. Kuingia ndani yake ni sawa na kuvaa suruali huku umekaa. Pua yake ilikuwa nyembamba, imeteleza kuanzia kioo hadi chini bila hata pahali pa kuweka kikombe. Shekue akaipapasa kwa kiganja, akasikia machozi yanamlengalenga. Hakuona haya, akayaacha yatoke.

Majirani wakamiminika. Mmoja akaomba aione injini, Shekue akafunua boneti, na ndani hamkuwa na kitu, shimo safi la kuwekea begi. Kisha majirani wakaanza kumpa mkono mmoja mmoja.

"Pole, ndugu yetu," wakasema. "Umeuziwa ganda."

"Usiwaze sana. Gari si kitu, muhimu uzima."

Mama mmoja alikuwa ameshaanza kupanga nani alete sukari. Ilibidi Shekue awazungushe upande wa pili, awafunulie kifuniko, awaonyeshe injini kubwa inayong'aa. "Injini iko huku," akasema kwa sauti ya chini, maana neno nyuma halikuwa neno la kulitamka barazani. Majirani wakaichungulia kwa jicho moja, wakaondoka haraka. Hawakuamini sana, na sukari ilikuja vilevile.

Bi Riziki alisimama mlangoni akilitazama lile gari. "Zuri," akasema. "Pua yake laini. Atakuja kutoboa Mgaza, au utatoboa mwenyewe?"

Shekue hakuwa amelifikiria hilo. Naapa, katika miaka yote ya kulitamani lile gari, hakuwahi kuliona likiwa na kibao.

*

Siku ya Mbele ilikuwa inakaribia, na Mkurugenzi wa Vibao hawezi kwenda mbele ya Mtukufu bila kibao. Akamwita Bwana Mgaza nyumbani. Mgaza alikuja na drili yake amevaa nguo za sherehe, akapiga goti mbele ya pua nyekundu, akaipima katikati kwa uzi, akaweka alama ya chaki.

"Nitatoboa kwa heshima, Mheshimiwa," akasema.

Drili ikaanza kunguruma. Shekue akapiga moyo konde, akafumba macho, na kufumba na kufumbua akajikuta ameweka kiganja chake kati ya ncha ya drili na bampa. Mgaza alizima mashine kwa bahati tu.

"Mkono wako ungetoboka, Mheshimiwa."

"Mkono utapona," akasema Shekue. "Nenda. Nitakuita."

Kuanzia hapo akaanza kufanya siri siri mambo aliyokuwa akiwatoza watu faini kwa kuyafanya. Alijaribu sumaku. Sumaku ikadondoka, akairudisha, ikadondoka tena, na ndivyo alivyogundua kwamba bampa la gari la ndoto zake ni la plastiki. Alikaa chini kidogo. Alijaribu gundi ya kunatanata, kibao kikashika vizuri mpaka jua lilipotoka, kikateleza taratibu na kuinama kama mtu anayesinzia msikitini. Akajaribu kamba ya kuanikia nguo, akaipitisha kwenye matundu ya hewa chini ya pua na kuifunga. Gari likaonekana kama mtoto aliyevalishwa kitambaa cha kulia uji.

"Limependeza," Bi Riziki akasema, akipita na mkoba wake kwenda kazini. "Sasa mlishe."

Wazo lililomfaa lilimjia alipokumbuka lilivyoletwa kutoka bandarini. Si lilikuwa linavutwa? Lilikuwa limeshikwa wapi? Akarudi kwenye bampa, akalipapasa inchi kwa inchi, na upande wa kushoto akakuta kifuniko kidogo cha duara. Alipokibandua kwa ukucha akaona tundu lenye nyuzi za skrubu ndani yake, tundu la kuingizia ndoano ya kuvutia. Tundu lilikuwepo tangu kiwandani. Halikuhitaji drili wala mtu wa kupiga goti. Akaenda karakana akatengenezewa chuma cha kuingia humo, akafunga kibao juu yake, akakitikisa kwa mikono miwili. Hakikutikisika. Pua haikupata hata mkwaruzo.

Alirukaruka uani peke yake hadi kuku wakakimbia. Kisha akarudi hatua kadhaa atazame vizuri, na furaha ikamwisha. Kibao kilikuwa imara, kimenyooka, kinasomeka, na kiko kushoto. Mwaka uliopita alikuwa amemfukuza kazi mtu kwa kibao kilichosogea upana wa kidole.

*

Iliyobaki ilikuwa rufaa. Katika nchi ile mtu aliyeonewa na Mkurugenzi wa Vibao hukata rufaa kwenye Kamati ya Rufaa za Vibao, ambayo mwenyekiti wake ni Mkurugenzi wa Vibao. Mpango huu uliokoa nauli. Shekue akawasilisha ombi, akajipangia siku, akajiita.

Katibu wa Kamati, mama mmoja mnene wa miwani, alisisitiza utaratibu ufuatwe. Mwombaji hukaa kwenye kigoda, mwenyekiti hukaa kwenye kiti kikubwa, na hakuna anayeruhusiwa kujibu akiwa amekaa pasipo pake. Basi Shekue akakaa kwenye kiti kikubwa, akarekebisha tai.

"Mwombaji, jina lako nani?"

Akainuka, akazunguka meza, akakaa kwenye kigoda. "Shekue Mndolwa, Mheshimiwa."

Akarudi kwenye kiti kikubwa. "Unataka nini?"

Akaenda tena kwenye kigoda, sasa anahema. "Naomba kibao changu kiruhusiwe kukaa upande, Mheshimiwa, kwenye tundu la ndoano, ili gari lisitobolewe."

"Umeisoma Kanuni?"

"Nimeiandika mimi, Mheshimiwa."

"Sikukuuliza nani ameiandika. Nimekuuliza kama umeisoma."

Pale kwenye kigoda Shekue alitahayari. Kusema kweli hakuwa ameisoma tangu siku aliyoiandika.

"Unadhani gari lako lina pua ya dhahabu?" Mwenyekiti akaendelea, sasa ameshapandisha hasira, na katibu anaandika mbio mbio. "Wenzako wametobolewa wakanyamaza. Kuna mkunga alitobolewa mpaka rejeta. Umemsikia akija kulia hapa?"

Shekue akazunguka meza kwa unyonge. "La, Mheshimiwa. Yule anatembea kwa miguu."

"Basi. Wewe nani mpaka utafutiwe upande? Ombi limekataliwa. Katibu, andika kwamba mwombaji ana kiburi."

Aliporudi kwenye kigoda kusikiliza hukumu, Shekue alikitazama kile kiti kikubwa, na japo kilikuwa kitupu, alimchukia mtu aliyekuwa amekikalia. Aliona wazi kwamba yule mtu ana roho mbaya. Na kitambi kile hakikuwa cha wastani hata kidogo.

Alikuwa anajiandaa kushukuru na kutoka kinyumenyume wakati sauti za watumishi zilipoingia kutoka uani. Walikuwa wanakariri, kama kila asubuhi. Kibao kikae mbele ya gari. Mbele ya gari ni upande wenye injini. Kisibandikwe. Kisifungwe kamba.

Shekue akasimama. "Mheshimiwa," akaanza, kisha akakumbuka hakuna wa kumjibu, akakimbilia kiti kikubwa. "Sema!" akasema, akarudi mbio kigodani. "Injini ya gari langu iko upande wa pili. Kwa hiyo, kwa Kanuni hii hii, mbele ya gari langu ni kule. Na kule kiwanda kimeshatoboa matundu ya kibao, katikati kabisa."

Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwenyekiti alifikiri kwa muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu Shekue alikuwa anapumzisha miguu. Hatimaye akatoa uamuzi. Mbele ya gari la mwombaji ni upande wenye injini. Kibao kifungwe huko. Ila kwa kuwa huko ndiko mbele, gari litaendeshwa kuelekea huko, kwa maana serikali haiwezi kuvumilia gari linalosafiri kinyume cha uso wake.

Mwombaji alishukuru sana. Jioni akampa mkewe habari hizo huku akifunga kibao nyuma ya gari, skrubu zikiingia kwenye matundu yao kama kidole kwenye pete.

"Kwa hiyo utakuwa unaendesha kinyumenyume," akasema Bi Riziki.

"Kimbele, Mama Mwamvua. Kisheria ni kimbele."

Bi Riziki alimtazama kwa huruma ile wanayoipata wagonjwa wake.

*

Shekue aliliendesha gari hivyo kwa siku zote zilizobaki kabla ya sherehe. Gari lililoundwa kwenda kama risasi lilikuwa linajikongoja kwa gia ya rivasi, linalia kama mashine ya kukobolea, na yeye ameshika usukani mkono mmoja, amejipinda, kidevu begani. Wapanda baiskeli walimpita wakimsalimu. Asubuhi ya Siku ya Mbele alipoamka shingo ilikuwa imekaza haigeuki popote.

"Ahirisha," Bi Riziki akamshauri, akimkanda kwa mafuta. Yeye mwenyewe alikuwa na zamu mchana ule. Kliniki kulikuwa na mama kijana, uzazi wake wa kwanza, na uchungu ulikuwa umeshaanza.

"Mambo mawili yatafanyika leo," akasema Shekue. "Mtukufu atasoma kibao changu, na nikitoka tu jukwaani nakufikisha kliniki. Nakuahidi."

Bi Riziki akachukua mkoba wake, akaingia garini.

Uwanjani watu walikuwa wamefurika. Ilipofika zamu yao, gari jekundu lilisogea kuelekea jukwaani likitanguliza injini. Mnong'ono ukapita katika umati. Shekue alikuwa anatumia vioo tu, maana shingo ilikuwa imegoma. Akasimamisha gari.

Mtukufu aliitazama ile sehemu iliyoletwa mbele yake. Akaona taa, akaona kibao katikati ya taa. Akasoma namba, herufi moja moja, bila kukosea.

"Kibao kizuri," akasema. "Kimenyooka."

Hakuna kibao kilichowahi kusifiwa. Makofi yakatikisa turubai, na Shekue akabubujikwa na machozi kwa mara ya pili kwa sababu ya gari lile. Sasa ilibaki kuondoka kwa adabu, bila kumpa Mtukufu kisogo. Na kwa kuwa mbele ya gari ilikuwa inamtazama Mtukufu, kurudi kinyumenyume kulimtaka Shekue aingize gia ya kwanza.

Akaiingiza. Gari likavuta pumzi, likaondoka.

Ewe msomaji, hukuwepo, nami sikuwepo, kwa kuwa nchi yenyewe haipo. Lakini nakwambia tangu literemke melini lile gari lilikuwa halijawahi kwenda lilikotaka kwenda. Pua ile nyembamba ikapasua upepo. Shekue aliona barabara yote ikiwa mbele ya macho yake, na shingo, iliyokuwa inamuuma kwa kugeuzwa, ikakaa palipotakiwa, imetulia. Akaongeza gia. Akaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyesahau umri wake.

"Tumeshatoka machoni pake," akasema Bi Riziki. "Geuza gari, Baba Mwamvua. Sheria yako inataka uende kule kwingine."

"Kidogo tu, mke wangu."

"Kona ya kliniki hiyo."

"Nifike darajani tu. Darajani nageuza."

Kona ya kliniki ikapita upande wa kulia, na pamoja nayo mwanamke mmoja aliyebeba kuni, aliyesimama kulitazama gari la Mkurugenzi likienda kama magari ya watu wengine. Bi Riziki alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Darajani kulikuwa na kizuizi.

*

Bwana Mgaza alinyanyua mkono. Akasogea, akalitazama gari kuanzia kioo hadi bampa.

"Habari za safari," akasema. "Gari hili halina kibao."

"Mgaza, ni mimi."

Mgaza akainua macho akayaelekeza mawinguni, kama alivyofundishwa. "Kila mtu husema ni yeye."

"Kibao kipo. Kipo nyuma. Nenda katazame."

"Nyuma hatutazami, mzee wangu."

"Basi ngoja nigeuze gari ukione."

"Ukigeuza utakuwa umenionyesha nyuma. Hilo litakuwa kosa la pili."

"Kule ndiko mbele," Shekue akasema, sauti ikianza kumpotea. "Kwa Kanuni. Kamati imeamua. Injini iko kule."

"Inawezekana," akasema Mgaza kwa upole. "Lakini ili niione hiyo injini itabidi niende nyuma. Na huku gari limenijia likinitazama, taa hizi hapa, na dereva uso wake huu hapa." Kisha, akiwa ameelekeza macho mawinguni bado, akaikariri Kanuni yote tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka neno. Shekue aliisikiliza akitafuta upenyo. Hamkuwa na upenyo. Aliona uchungu, na katikati ya uchungu ule, laana gani sijui, akajikuta anajivunia ubora wa mafunzo.

Mgaza akapiga goti. Akapima kwa uzi, akaweka alama ya chaki palepale alipokuwa ameiweka zamani.

"Nitatoboa kwa heshima," akasema.

Safari hii Shekue alikuwa amebanwa ndani ya gari kama amevaa suruali ya mtoto, na mpaka ajinasue ili aweke kiganja chake, drili ilikuwa imeshaingia. Plastiki haikupiga kelele. Ilitoa vumbi jekundu tu, likamdondokea Mgaza kwenye viatu. Na hapa ndipo mtengenezaji wa gari alipokuwa ameficha mzaha wake: injini alikuwa ameipeleka nyuma, lakini rejeta alikuwa ameiacha kwenye pua. Ncha ilikuwa ile ile ndefu. Maji ya kijani yakaanza kutiririka kwenye lami.

Mgaza alimaliza matundu yote, akayapuliza, akasimama. "Sasa nipe kibao nikufungie."

"Kipo nyuma," akasema Shekue.

"Haidhuru. Ukikipata, matundu yako tayari."

Bi Riziki alikuwa ameshavua viatu vya sherehe. Akatoa vya raba kwenye mkoba, akavaa, akafunga kamba zake vizuri, akashuka. "Nimechelewa," akasema, akaanza kutembea, akirudi walikotoka, kuelekea kona ya kliniki. Shekue alimfuata mbio mbio na viatu vyake vya ngozi vilivyokuwa vinateleza.

Walikwenda kitambo.

"Siku ile ya rejeta yako," Shekue akasema hatimaye, "wewe ulijisikiaje?"

"Sikupata nafasi ya kujisikia. Kulikuwa na mama ananisubiri, nikakimbia. Nilipofika alikuwa ameshajifungua peke yake, sakafuni." Akahamisha mkoba begani. "Mtoto hakulia."

Shekue akasimama. "Hukuniambia."

"Nilianza kukwambia. Ukaweka kijiko chini."

Hapo aibu ikamshika. Haikuwa ile ya kwenye kigoda, ambayo mtu anaweza kuja kuisimulia barazani watu wakacheka. Hii ilimzuia hata kusema pole, maana neno lenyewe alilionea haya. Hakujua afanye nini na mikono yake. Akageuka. Ilimbidi ageuze mwili mzima, kwa kuwa shingo haikukubali, akatazama nyuma, kosa ambalo adhabu yake aliiandika mwenyewe.

Gari lilikuwa palepale darajani, limewapa mgongo. Kibao kilionekana vizuri sana kwa umbali ule, kimenyooka, katikati kabisa, skrubu zote zimekaa kwenye matundu yake. Mgaza alikuwa upande wa pili akisubiri gari lingine. Hakuna aliyekuwa anakitazama.

Bi Riziki alikuwa ameshamwacha mbali. "Baba Mwamvua," akamwita bila kusimama, "tazama mbele, bwana, utajikwaa. Kuna mtu anatusubiri."